Malkia Hajambo

Kambi ya daraja, 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Najua ukimwona dereva wetu mlangoni na barua yangu utadhani nimeanguka kutoka juu. Sijaanguka, mimi ni mzima. Nina jambo la kukuomba, na kabla sijalisema naomba usimwonyeshe Chiriku barua hii. Ndiyo maana nimemwambia Breki (ndivyo tunavyomwita dereva, kwa sababu hazitumii) aje mchana, wakati mwanao yuko duka la dawa.

Nilipoondoka tulikubaliana uje ukae na Chiriku mke wangu hadi nimalize kazi huku. Nilifurahi, wala sijabadilika. Ila barua yake ya juzi inasema atatoa vitu stoo ili cherehani yako ikae humo. Niliposoma hapo nikatafuta karatasi.

Mama, humo stoo, nyuma ya madebe ya rangi, kuna kitu nimekifunika kwa shuka la zamani la bluu. Ni vioo viwili vya dirisha nilivyovishikanisha kwa fremu ya chuma, na katikati nimemimina plasta yenye vijia. Ndani wanaishi sisimizi. Hawakuingia wenyewe. Niliwaweka mimi. Ninafuga sisimizi.

Haya, nimesema. Hapa nilipo uso umeniiva, na hakuna anayeniona ila taa. Mwanaume mzima mwenye ndevu, fundi wa kuchomelea, anafuga sisimizi kama mtoto mwenye panzi kwenye kiberiti. Chiriku hakuwataka tangu mwanzo. Mwezi wa kwanza aliniambia nichague, yeye au wao, na mimi nikamwambia nimempa mwenzangu wa karakana. Nilimdanganya. Niliwahamishia nyuma ya madebe. Nilipoitwa huku niliondoka haraka, nikawaachia maji ya kutosha, nikajidanganya na mimi kwamba nitapata mtu.

Sina mtu mwingine, Mama. Ninachoomba ni tone la maji ya sukari kwenye pamba, mara mbili kwa wiki, upitishie kwenye mpira mdogo ulio pembeni. Ukipata nzi aliyekufa, au chembe ya kiini cha yai la kuchemsha, watashukuru. Usiwaache kwenye mwanga, hawaupendi. Hawatoki, kingo nimezipaka mafuta.

Sijui nitakutazamaje tukionana. Nisitiri tu.

Mkweo

*

Nyumbani kwenu, 11 Machi

(haikutumwa)

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata leo mchana, nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa chini.

Umechelewa, baba. Niliwaua siku ya pili baada ya kufika hapa. Nilikuwa nasukuma madebe ili cherehani ipate mwanga wa dirisha, nikavuta lile shuka, nikaona kioo kinatembea. Ndivyo nilivyoona, kioo kinatembea. Nilipiga yowe. Nilidhani ni vioo vibovu vya dirisha, na wadudu wamejijengea humo. Chiriku alikuwa anatoka jikoni na birika la maji ya chai. Nililichukua nikamimina lote. Walipanda juu, wakashuka, wakapanda tena, halafu wakatulia. Nikaosha vioo kwa sabuni na mchanga hadi vikang'aa, nikajisifu. Nilisema kwa sauti, "Sasa hapa pamekuwa chumba."

Sasa wewe, ambaye tangu umuoe mwanangu hujawahi kuniomba hata kijiko, umeniomba

*

Nyumbani kwenu, 12 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba, hatujambo. Barua yako imefika na nimeielewa. Wapo. Nimewapa maji ya sukari, wamekunywa. Kiini cha yai pia nimewapa. Usiwe na wasiwasi, fanya kazi yako, ushike vizuri huko juu.

Chiriku sijamwambia.

Mama yako

*

Kambi ya daraja, 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ulivyoandika lile neno "Wapo" nililisoma kama mara kumi. Ningekuwa karibu ningekuja kukushukuru kwa magoti.

Umenionyesha wema bila kuniuliza sababu, na mimi nimekaa na deni la kukueleza. Kwa mdomo nisingeweza. Hata hapa naandika huku nasikia aibu mgongoni.

Unakumbuka mwaka jana, siku ile hospitali, ulipotoka na mtoto mikononi amefungwa kitambaa cheupe? Uliniambia, "Baba, mtazame mwanao kabla hatujaenda." Nikageuka nikatazama ukuta. Kulikuwa na tangazo la kunawa mikono, nalikumbuka neno kwa neno hadi leo, hatua zote na michoro yake. Uso wa mwanangu siujui. Halafu kaburini sikulia, na nilikuona unaniangalia. Watu walidhani nimejikaza. Sikujikaza, Mama. Nilikuwa kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni, kila kitu nakisikia kwa mbali.

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma, mvua imekatika. Sisimizi mmoja mkubwa mwenye mabawa akatua kwenye goti langu. Akayang'oa mabawa yake mwenyewe, moja baada ya jingine, kama mtu anavyovua koti akifika kwake. Nikamtia kwenye kichupa chenye pamba mbichi. Alikaa humo peke yake, hali, hatoki, na siku moja nikaona ana mayai, madogo kuliko punje ya chumvi. Nikapiga kelele ya furaha pale stoo, peke yangu. Huyo ndiye malkia. Wengine wote ni watoto wake.

Nikawa nashinda humo kila nikitoka kazini. Chiriku alisimama mlangoni siku moja akauliza, "Unaongea nao?" Nikamwambia hapana, naangalia tu. Ilikuwa uongo. Nilikuwa naongea nao. Na yeye, jikoni hatua chache tu kutoka pale, sikuwa na la kumwambia.

Basi usinicheke. Ukipata nafasi niandikie habari za malkia. Yeye ni mkubwa, mweusi, tumbo refu, kwa kawaida hukaa chumba cha chini kushoto. Je, ana mayai? Wanamlisha? Wakifa wenzao huwapeleka kwenye pembe moja. Umeliona hilo?

Mkweo anayekushukuru

*

Nyumbani kwenu, 14 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba, baba. Sisi tu wazima, Chiriku amepandishwa cheo, sasa yeye ndiye anayefungua duka asubuhi. Mimi nimepata kazi ya sare za shule, kaptula tupu, nazikata hadi ndotoni.

Nimesoma yote uliyoandika. Siwezi kuyajibu yote. Nikuambie moja tu, nalo linaniuma: siku ile ya kaburini nilikuona mkavu. Niliporudi kwangu nilimwambia dada yangu kwamba mwanangu ameolewa na jiwe. Nisamehe kwa neno hilo. Hukulisikia, lakini nililisema, na dada yangu naye ana mdomo.

Sasa habari za wadudu wako. Wapo wazima. Wanatembea kwa mstari, na wakikutana wanasimama, wanapapasana usoni kama wanaulizana hali, halafu kila mmoja anashika njia yake. Jana mmoja alikuwa anakokota bawa la nzi, limemzidi ukubwa, upepo unampeperusha nalo anaanguka, anaamka. Wenzake watatu wakaja. Badala ya kusaidiana kila mmoja akavuta kwake. Nilicheka hadi nikaacha sindano. Nilikaa hapo hadi jua likanichoma kisogo.

Malkia hajambo. Amenenepa. Mayai anayo mengi, anayaatamia vizuri kama kuku, hatoki juu yake. Na mabawa yameanza kumwota tena.

Usiwaze sana. Kula vizuri.

Mama yako

*

Nyumbani, 27 Aprili

Mume wangu,

Barua hii nimempa Breki mwenyewe, nimemvizia njiani asubuhi. Ananiona mtu wa ajabu. Anasema nyumba hii barua zake zina miguu, sikumwelewa.

Nianze na Mama. Nina wasiwasi naye. Kila nikirudi namkuta amechuchumaa kwenye nguzo ya kamba ya nguo, uani, anaangalia chini. Nikimuuliza anasema amedondosha sindano. Sindano gani inadondoka kila siku mahali pamoja? Juzi nilikuja kwa nyuma polepole. Alikuwa na kiini cha yai kwenye kiganja, anawamegea sisimizi wa pale chini ya nguzo, na nilimsikia anawaambia, "Poleni." Nilirudi ndani. Nilidhani akili inamtoka. Halafu usiku huo nikajua siyo akili ya Mama inayonisumbua, ni dhamiri yangu.

Nisikilize. Sisimizi wako hawapo. Uliniambia umempa mwenzako wa karakana. Siku ya pili baada ya Mama kufika, alivuta shuka la bluu kule stoo akapiga yowe. Mimi nilikuwa natoka jikoni na birika. Nilipofika mlangoni niliviona vile vioo na ile fremu uliyoichomelea. Kwa hiyo nilijua, saa ileile, vitu viwili: kwamba ulinidanganya, na kwamba wale ni wale.

Mama akaniuliza, "Ni nini hiki?"

Nikasema, "Sijui, wadudu tu."

Akasema, "Lete hilo birika."

Ningeweza kusema, "Mama, ngoja." Maneno mawili. Nilimwekea birika mkononi, nikageuza mshiko upande wake ili asiungue. Nikasimama nikatazama hadi mwisho. Mama hakujua anafanya nini. Mimi nilijua. Nilikuwa nimetamani siku hiyo tangu mwaka jana.

Unataka kujua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nasikia unacheka humo stoo. Mimi nimelala chumbani, maziwa yamejaa kifuani na hakuna wa kuyanyonya, na upande wa pili wa ukuta mume wangu anacheka. Nilipokuja mlangoni ulinyamaza. Wadudu walipata sauti yako, mimi nikapata mgongo. Nilikuwa nawaonea wivu sisimizi. Nani atakubali kusema hivyo mbele ya watu? Ningeenda kumwambia nani?

Nilidhani wakifa nitapumua. Sikupumua. Tangu siku ile nikipita stoo natazama pembeni.

Sikuombi unisamehe sasa. Nimekuambia kwa sababu ukirudi utakwenda kule nyuma ya madebe kabla hujaja kwangu, nakujua, na sitaki uvione vioo vitupu halafu uje umtazame Mama kwa jicho baya. Hana kosa.

Mkeo

*

Kambi ya daraja, 9 Mei

Chiriku,

Barua yako niliisoma asubuhi kabla ya kupanda. Bora ningeiacha hadi jioni. Siku hiyo maungio mawili yalinishinda, msimamizi akayapitishia kidole, akaniangalia, akaniambia nikate nirudie. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuambiwa hivyo mbele ya vijana.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilitaka kukuandikia maneno mabaya na karatasi nilikuwa nimeshaitoa. Nikakaa nayo. Kila neno baya nililotaka kuanza nalo liligeuka likanitazama mimi. Ningesema umenificha? Mimi ndiye niliyeficha kwanza. Ningesema una roho ngumu? Mimi ndiye niliyekuacha kitandani na maziwa yako nikaenda kucheka na wadudu. Hilo la maziwa sikulijua. Tulikuwa nyumba moja na sikulijua. Hilo ndilo lililoniangusha, siyo birika.

Nilikudanganya machoni, Chiriku, na uliponiamini ukanikumbatia. Unakumbuka? Ulisema, "Asante." Nikapokea asante yako huku najua wako nyuma ya madebe. Sina macho ya kukutazama.

Mama yako hajachanganyikiwa. Mwache na yai lake, wala usimuulize lolote. Nakuomba sana, usimuulize.

Mumeo

*

Kambi ya daraja, 9 Mei

Mama,

Shikamoo. Nakushukuru kwa habari za wadudu. Ile ya bawa la nzi niliwasomea wenzangu, bila kusema ni ya nani, wakacheka sana.

Nimewaza jambo. Nimekutwisha mzigo usio wako, nao unakuharibia siku. Nimeamua tuwaache huru. Siku yoyote ukipata nafasi, chukua vile vioo, nenda navyo uani chini ya ile nguzo ya kamba ya nguo, ufungue, uwaache waende zao. Watajua pa kukaa. Ukimaliza, osha vioo uvitupe, au umpe mtu. Usihangaike kuniandikia ilivyokuwa, nikisoma nitaumia bure. Kazi yako umeifanya vizuri, mimi nimeridhika kabisa, na tukionana hatuna haja ya kulitaja.

Mkweo

*

Nyumbani kwenu, 20 Mei

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako ilinifanya nicheke kwa furaha, na aibu ya kicheko kile ndiyo inayoniandikisha.

Nilisema moyoni, nimeokoka. Mkwe mwenyewe amenifungulia mlango, kazi yangu ni kupita tu. Nikachukua vioo pale nilipovificha, chini ya vitambaa vya kaptula. Nikasema nitafanya kama alivyoniambia, ili nisije nikamdanganya tena, nitakuwa nimevipeleka kweli. Nikaenda navyo hadi kwenye nguzo. Nikavifungua. Nikavipindua juu chini, nikavigonga kwa kiganja hivi, kama mtu anayekung'uta unga.

Hakikutoka kitu. Kingetoka nini?

Mwanamke wa umri wangu, miwani puani, nimesimama uani mchana kweupe nakung'uta kioo kitupu. Jirani alikuwa dirishani, akanisalimia, nikamjibu. Hapo ndipo haya zote zikanipanda, tangu unyayoni. Nilijiona jinsi nilivyokuwa nikikudanganya, barua kwa barua, na wewe unanifungulia moyo wako.

Siwezi kuwaachia huru wadudu niliowaua, baba. Niliwamwagia maji ya moto kabla barua yako ya kwanza haijafika. Sikujua ni wako. Kama ningekujibu hivyo tu, ingekuwa bahati mbaya. Lakini niliandika "Wapo", kwa sababu nilishindwa kukuvunjia heshima yako siku uliyoinama kuniomba, na kwa sababu, niseme ukweli, niliogopa utaniona mbaya. Baada ya neno moja lile mengine yalikuja yenyewe. Yale ya bawa la nzi niliyaona kweli, kwa wale wa nguzo. Nilikuwa nakwenda kuwaangalia ili niwe na cha kukuandikia. Habari za malkia nilitunga zote. Malkia sijamwona. Kama nilimwona, nilimwona akifa pamoja na wengine na sikujua ni yupi.

Chiriku hana kosa. Alikuwa amebeba birika tu. Usimwulize, ataona aibu kwa ajili yangu.

Sasa unajua ni mtu gani umemweka nyumbani mwako. Ukitaka niondoke kabla hujarudi, sema tu, sitanuna.

Mama mkwe wako

*

Kambi ya daraja, 3 Juni

Mama,

Shikamoo. Hakuna wa kuondoka.

Nilijua, Mama. Nilianza kushuku ulipoandika kwamba malkia ameota mabawa. Akishayang'oa hayarudi. Nikacheka, nikasema Mama hajui mambo haya, labda ameona vibaya. Ulipoandika anaatamia kama kuku nilicheka zaidi. Nilikuwa nataka kuamini. Baadaye nikajua kweli, usiniulize kwa njia gani. Nikakuandikia ile barua ya kuwaacha huru ili upate pa kutokea bila kuniambia. Nilijiona mwerevu. Sasa naona nilikuwa nakufanyia kile ninachowafanyia watu wote, kupaka rangi juu ya kutu. Umenishinda. Wewe umesema, mimi ninayejiita fundi nilikuwa nakwepa.

Uliwaua bila kujua. Mimi niliwaficha nikijua. Nadhani tukipimana mimi ndiye nitakayeinama zaidi, kwa hiyo tuache kupimana.

Ila kuna kitu nataka, na sasa sioni tena aibu ya kukuomba, maana aibu tumeimaliza yote. Wewe ndiye uliyemwosha mtoto ukamfunga. Wewe ulimwona. Mwisho wa mwezi narudi, na sitaki nifike kwa Chiriku kama mgeni aliyekuja kuuliza. Niambie alikuwaje. Usinipambie, Mama. Usinitungie kama malkia. Kama hukuona kitu sema hukukiona. Nataka yaliyokuwepo tu.

Mkweo

*

Nyumbani kwenu, 15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu niliona vibaya kuandika haya huku Chiriku yuko chumba cha pili hajui. Nimechoka na barua za kufichwa. Nikamwita jikoni, nikamweleza yote, kutoka barua ya kwanza. Nilitegemea atanipigia kelele. Akainamisha kichwa, akaniambia habari ya birika, kwamba alijua. Tulikaa pale kila mmoja anamwonea haya mwenzake hadi chai ikaota utando. Halafu nikamwambia umeomba nini. Amekaa hapa pembeni yangu sasa, anamenya viazi, ananisikiliza ninavyojisomea.

Mtoto alikuwa wa kiume, hilo unalijua. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Nilipompokea mkono wangu ulishuka kidogo. Mwili wake ulikuwa bado na joto, la mama yake. Ngozi ilikuwa nyekundu kifuani na nyeupe kwenye vidole, imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Kucha zilikuwa zimekamilika. Masikio ni yako, yale yanayosimama, nilipoyafuta yalijikunja yakarudi. Kidevu sikujua ni cha nani. Nywele zilikuwa nyingi, nyeusi, zimelala mbele.

Macho yalikuwa yamefumba. Sijui yalikuwaje, na sitakutungia.

Hakuwa na sura ya maumivu. Hilo siyo pambo. Niliangalia kwa makusudi, kwa sababu niliogopa kuyakuta. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu ingawa muuguzi aliniambia haina haja. Uliponipa mgongo nilikukasirikia, kisha nikamwambia yeye kwa sauti ndogo, "Baba yako yuko hapa." Ilikuwa kweli. Ulikuwepo.

Nimemaliza. Nitakuwa hapa utakapofika, nitakupokea, halafu nitakwenda kwangu siku ya pili yake. Nyumba yenu inataka watu wawili kwa sasa.

Mama

Nywele hazikuwa nyingi, Mama ameongeza, hajizuii. Zilikuwa chache, za pembeni tu. Mengine yote ni kweli. Nilimshika baada yake, peke yangu, mlango umefungwa, na kuna jambo Mama hakuliona. Silitaki kwenye karatasi. Njoo nikuambie.

Chiriku